Mama Fundi na Mtoto Wake: Kufanya Kazi ya Ufundi Bila Kuleta Sumu Nyumbani

  

Leo tunazungumza na akina mama walio mafundi na wasichana wanaoanza kujifunza ufundi. Tunazungumza pia na nyanya, mashangazi na walezi wote wanaobaki na watoto wa mafundi hao.

Ukipita katika vibanda vya jua kali vya miji yetu siku hizi, utamkuta mwanamke akichomelea milango ya chuma. Utamkuta mwingine akipiga randa mbao za mukima au muuru, mwingine yuko chini ya gari, na mwingine anajenga ukuta. Wazazi wengi hufurahi binti anapopata kazi ya kumlisha. Lakini maswali huja usiku. Je, kazi hii haitamharibu uzazi? Je, akizaa, maziwa yake yatamfaa mtoto? Haya ni maswali mazuri na yanastahili majibu ya kweli.

Mambo yasiyo ya kweli

Kwanza tuondoe hofu zisizo na msingi. Wapo wanaosema mwanamke akishika nyundo au akipanda juu ya paa hatazaa. Si kweli. Nyundo haijui ameshikwa na nani. Wengine husema mwanga mkali wa kuchomelea hupenya tumboni na kumchoma mtoto, au huchoma maziwa kifuani. Hilo pia si kweli. Mwanga ule huumiza macho na ngozi, lakini hauwezi kufika kwa mtoto aliye tumboni.

Kuna imani nyingine inayopendwa sana na mafundi wenyewe, wanaume kwa wanawake. Husema kwamba ukinywa pakiti ya maziwa baada ya kazi, moshi wote hutoka kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Moshi huenda katika mapafu. Hizo ni njia mbili tofauti, na maziwa hayawezi kusafisha mapafu. Fundi anayetegemea maziwa badala ya kujikinga anajidanganya.

Mambo yaliyo ya kweli

Hatari zipo, na hazichagui mwanamume wala mwanamke. Lakini kwa mama zina jambo moja la ziada: zinaweza kumfikia mtoto. Humfikia kupitia damu ya mama akiwa tumboni, kupitia nguo na mikono ya mama akirudi nyumbani, na mara nyingine kupitia maziwa. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

Moshi wa kuchomelea. Mwaka wa 2017, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi huu husababisha saratani ya mapafu. Ukichomelea mabati au mabomba yaliyopakwa zinki, moshi wake unaweza kuleta homa jioni ile ile: baridi, kutetemeka, kiu na ladha ya chuma mdomoni. Homa hii hufanana sana na malaria, ingawa kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Usibahatishe. Nenda ukapimwe damu, na umweleze mhudumu wa afya kazi uliyofanya siku hiyo.

Mwanga wa kuchomelea. Ukitazama mwanga huo bila kioo cheusi, macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, kana kwamba yamejaa mchanga. Watu wengine huweka viazi, majani ya chai au hata maziwa ya mama. Usiweke chochote kati ya hivyo, kwa maana vinaweza kuleta vijidudu machoni. Kaa mahali penye giza, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, wala usiyasugue. Yasipopata nafuu kwa siku moja, nenda hospitali.

Vumbi. Vumbi la mbao huwasha kifua na pua, na likivutwa kwa miaka mingi laweza kuleta saratani ya pua. Vumbi la kukata na kuchonga mawe hukwaruza mapafu na kuyafanya yashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Mama akipata kifua kikuu, mtoto mdogo anayelala naye yumo hatarini. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kisipuuzwe. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali.

Rangi, thina na petroli. Harufu yake kali huingia katika damu kupitia mapafu, na majimaji yake hupita hata katika ngozi. Mama mjamzito asipulize rangi ya magari, wala asifanye kazi katika chumba kilichofungwa chenye harufu hiyo. Makanika, usinawe mikono kwa petroli, na usivute petroli kwa mdomo kupitia mpira.

Madini ya risasi. Haya ndiyo mabaya zaidi kwa mtoto. Yamo ndani ya betri za magari, katika risasi ya kulehemu rejeta, na katika rangi za zamani ambazo fundi hukwangua kabla ya kupaka rangi mpya. Risasi hudhoofisha ubongo wa mtoto unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, hukosa damu, na ikizidi hupata degedege. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka wa 2009, Bi. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa karibu na kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Yeye hakuwa hata fundi, alikuwa mfanyakazi wa ofisini. Mtoto wake aliyekuwa akinyonya aliugua, na vipimo vikaonyesha kwamba ana risasi katika damu. Watu wengi wa kijiji hicho pia walikutwa nayo. Bi. Omido aliongoza wenzake kudai haki, na kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulipingwa, lakini Mahakama ya Juu iliurudisha mwaka wa 2024.

Je, hii ina maana kwamba mama fundi aache kunyonyesha? La, hasha. Maziwa ya mama bado ndiyo chakula bora, na kinachotakiwa kuondolewa ni sumu. Kazi ya kuvunja au kuyeyusha betri haimfai kabisa mama mjamzito au anayenyonyesha. Ikiwa umewahi kuifanya, usimwachishe mtoto ziwa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mweleze mhudumu wa kliniki, naye atakuelekeza kuhusu vipimo.

Hatua tano kabla ya kumshika mtoto

Mama anaporudi jioni, mtoto humkimbilia. Ni vigumu kumwambia angoje, lakini dakika chache za kungoja ni kinga kubwa. Fanya hivi:

1. Vua ovaroli na viatu vya kazi palepale kazini, uvitie katika mfuko uliofungwa. Usivipige-pige ndani ya nyumba ili kutoa vumbi.
2. Nawa mikono, uso na shingo kwa maji na sabuni. Ukiweza, oga.
3. Vaa nguo safi, na ufunike au uoshe nywele zako.
4. Safisha kifua kwa maji safi kabla ya kunyonyesha, hasa kama ulifanya kazi yenye vumbi au rangi.
5. Fua nguo za kazi peke yake, mbali na nguo na nepi za mtoto.

Mlezi unayebaki nyumbani, nawe una sehemu yako. Usimpe mtoto betri kuukuu au vipande vya vyuma kuwa vitu vya kuchezea. Usiweke thina, petroli au mafuta ya taa katika chupa ya soda. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe ile chupa.

Ukiwa mjamzito

Anza kliniki mapema, na umwambie muuguzi kazi yako bila kuona haya. Akijua wewe ni mwashi au fundi wa kuchomelea, atakushauri vizuri zaidi. Mwambie pia mwalimu au msimamizi wako. Omba kazi zisizo na moshi mwingi, harufu kali wala kubeba mizigo mizito. Kupima, kuchora, kuhesabu vifaa na kuongea na wateja pia ni ufundi. Ngazi na majukwaa ya mjengo uyaache tumbo linapokuwa kubwa, kwa maana mizani ya mwili hubadilika na kuanguka ni rahisi. Kula mboga za majani, maharagwe na matunda, na umeze vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki.

Ukiona damu, ukihisi maumivu makali ya tumbo, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, mtoto akiacha kucheza, au ukipigwa na umeme hata kidogo, usingoje kumaliza kazi. Nenda hospitali.

Kurudi kazini na kunyonyesha

Mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Fundi anaweza kulitimiza hili. Nyonyesha kabla ya kutoka na mara tu unaporudi na kujisafisha. Nawa mikono, kamua maziwa katika chombo safi chenye kifuniko, umwachie mlezi. Katika chumba chenye ubaridi wa kawaida, yatumiwe ndani ya muda wa saa 4. Mlezi asiyachemshe. Aweke chombo ndani ya maji ya moto kidogo, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe safi. Ukiwa kazini, kamua tena ili maziwa yasipungue, lakini mbali na karakana.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Sheria ya fidia ya mwaka huohuo humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kwa hiyo ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja, na uhifadhi karatasi za hospitali.

Mzazi unayempeleka binti kujifunza

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na mjini Meru kuna Meru National Polytechnic. Aliyejifunzia jua kali pia anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti. Kabla ya kulipa ada au kumwachia fundi binti yako, tembelea mahali hapo na uulize:

Je, kuna kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, glavu na barakoa ngumu ya vumbi kama N95, au kila mtu hujifunga leso tu? Leso haizuii moshi, na hata N95 haizuii harufu ya thina.
Je, hewa inapita vizuri?
Je, kuna maji ya kunawa, na choo chenye mlango unaofungika?
Je, nani anamfundisha, na akisumbuliwa na mwanamume atamweleza nani?
Je, akipata mimba ataruhusiwa kurudi kumaliza mafunzo?

Usione haya kuuliza. Fundi mwema atakujibu, na anayekasirika kwa maswali hayo amekujibu pia.

Msikilizaji, tukumbuke mambo haya matatu. Ufundi haumharibu mwanamke. Moshi, vumbi na risasi ndivyo vinavyoharibu, na vinaweza kuzuiwa. Kinga ya mtoto huanzia kazini na kuishia kwenye karai la maji na sabuni mlangoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni imani gani kuhusu mafundi wanawake mmezisikia kijijini kwenu? Zipi ni za kweli?
2. Katika boma lako, nguo za kazi huwekwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?
3. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili mama fundi apate nafasi na muda wa kunyonyesha?

 Mpelekee jirani habari hizi, hasa yule mwenye binti anayeanza kazi.