Lugha ya Kwanza ya Programu: Tazama Inavyokuonyesha Kosa

Kijana anayetaka kuwa mwandishi wa programu kwanza huuliza lugha ipi ina soko. Ni swali la haki, maana muda una thamani na bando halitolewi bure. Lakini kwa anayeanza halisaidii sana, kwa kuwa miezi ya mwanzo ataitumia zaidi kutafuta makosa yake kuliko kutengeneza kitu cha kuuza. Mimi humshauri aulize jambo jingine: nikikosea, lugha hii itaniambia nini?

Chukua hesabu ya dukani. Unataka programu iulize bei ya bidhaa, kisha ijumlishe na nauli ya kumpelekea mteja. Muuzaji anabonyeza 500, na nauli ni 200. Kwako wewe 500 ni namba. Kwa kompyuta, kilichoingia ni maandishi tu, alama tatu zilizofuatana, mpaka uiagize iyageuze kuwa namba. Ukisahau agizo hilo katika JavaScript, lugha itaviunga vipande viwili na kukupa 500200. Hailalamiki. Programu inaendelea kama kawaida, na mteja anadaiwa laki tano na mia mbili. Python, kwa kosa lilelile, inasimama palepale, inataja mstari wenye tatizo na kueleza kwamba maandishi hayaungani na namba.

Python nayo ina mtego wake: iambie izidishe maandishi hayohayo kwa 2, itayarudia mara mbili na kutoa 500500. Hata hivyo, kwa jumla ni lugha inayosema mapema, na mwanafunzi asiye na mwalimu karibu anahitaji sana kuambiwa mapema.

Tofauti hii ina chimbuko. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuiandika Python mwishoni mwa 1989 akiwa katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye ABC, lugha iliyokusudiwa watu wasio wataalamu wa kompyuta. Toleo la kwanza la Python lilitoka 1991. JavaScript ilizaliwa kwa haraka: Brendan Eich aliitengeneza kwa siku 10 mwezi Mei 1995, katika kampuni ya Netscape, ili kurasa za intaneti ziweze kumwitikia anayezitumia. Leo tabia zake za zamani ni vigumu kuziondoa, kwani kurasa zisizohesabika zimejengwa zikizitegemea.

Basi kwa asiyejua bado anataka kutengeneza nini, jibu langu ni Python. Kwa aliyekwisha kuamua kwamba moyo wake uko kwenye tovuti, ni JavaScript, pamoja na mitego yake, kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila kivinjari huielewa moja kwa moja. Ukibadilisha mstari mmoja unaona kitufe kinageuka rangi mbele ya macho yako, na furaha hiyo humfanya mtu arudi kesho yake.

Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, na wengi huufunga bila kuusoma. Katika Python soma mstari wa mwisho kwanza: ndipo aina ya kosa inapotajwa. Kisha panda juu utafute namba ya mstari. Ujumbe wenyewe hujirudia, na ukishaelewa aina tano au sita za makosa umeshaziba pengo kubwa.

Wasio na kompyuta hujifunzia kwenye simu, na inawezekana, ila kibodi ya simu ina hila. Hupenda kuifanya herufi ya kwanza kuwa kubwa, na kwa Python Print na print ni maneno mawili tofauti. La kwanza haikufundishwa kulijua. Tena Python huhesabu nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo msimbo ulionakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp unaweza kukataa kwa sababu nafasi hizo zimepotea njiani. Tumia programu maalumu ya kuandikia msimbo, si ile ya kuandikia kumbukumbu.

Kuhusu soko, hofu imezidi kiasi. Anayetaka kuunganisha duka lake na M-Pesa ya Kenya atakuta kwamba mfumo wa Daraja wa Safaricom hupokea maombi kupitia intaneti, wala haujali yametoka kwenye lugha gani. Masharti, marudio na namna ya kuligawa tatizo katika vipande vidogo utavibeba kwenda lugha ya pili, nayo haitakuchukua muda kama ya kwanza. Kinachochelewesha watu ni kuhama kabla hawajamaliza hata programu moja ndogo inayofanya kazi.

Kundi moja nalishauri tofauti: wanaotaka programu za simu za Android. Tangu 2019 Google imeipa Kotlin kipaumbele kwa kazi hiyo, lakini Android Studio, chombo chake kikuu, ni kizito, na laptopu ya RAM ya GB 4 itateseka nacho. Mwenye laptopu kama hiyo aanze na Kotlin yenyewe ndani ya kivinjari, kwenye ukurasa wa majaribio uliowekwa wazi na watengenezaji wa lugha hiyo, na Android Studio isubiri mpaka apate mashine yenye nguvu zaidi.