Uraia si Sharti la Olimpiadi

Katika shule zilizo kando ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, hasa maeneo ya Laela ambako familia huhamia kutoka upande wa Zambia kwa sababu ya kilimo, biashara au ndoa, swali lile lile limeulizwa kupita kiasi: mwanafunzi mgeni atapataje uraia wa Tanzania ili aruhusiwe kushindana katika hisabati au katika uandishi wa programu za kompyuta? Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa mwalimu anayeliamini huliacha jina la mtoto nje ya orodha kabla mtoto hajapewa hata swali moja la kujaribu.

Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza Romania mwaka 1959 na ambayo kila nchi hupeleka washiriki wasiozidi sita, inamtaka mshiriki awe raia au mkazi wa nchi anayoiwakilisha, yaani inatosha kwamba anaishi humo. Masharti mengine ni kwamba awe chini ya miaka 20, asiwe ameanza chuo kikuu, na awe amechaguliwa kupitia mchujo wa kitaifa. Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, ambayo ni mashindano ya kutunga algorithimu, yaani hatua za kimantiki ambazo kompyuta huzifuata ili kutatua tatizo, ilianza Bulgaria mwaka 1989 na hupokea washiriki wasiozidi wanne kwa kila nchi. Hii hutazama shule: mwanafunzi awe ameandikishwa katika shule ya sekondari ya nchi husika kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kuanzia Septemba 1 hadi Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Kipindi hicho ni siku 122, kwa hiyo aliyeandikishwa Laela mwezi Julai ametimiza sharti, na aliyefika katikati ya Novemba hajalitimiza, hata kama babu yake alizaliwa Sumbawanga.

Dawa ya uongo inayopendekezwa kwa tatizo hili lisilokuwapo ni kumtafutia mtoto cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba alizaliwa Tanzania, na pengine kumpunguzia umri papo hapo. Ushauri huo unapaswa kukataliwa bila kusitasita. Kughushi cheti kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, ni kosa la jinai. Jina na tarehe za uongo hugongana na karatasi za uhamisho kutoka shule aliyosoma kwanza, kisha humfuata mtoto hadi kwenye usajili wa mitihani ya Baraza la Mitihani. Na yote hayo hufanywa ili kutimiza sharti ambalo olimpiadi hizi hazijaliweka. Lipo jambo la kusikitisha zaidi. Kanuni za Informatiki humruhusu anayesoma ugenini kuiwakilisha nchi ya uraia wake, kwa hiyo mtoto wa Mbala, Zambia, anayesoma Laela ana milango miwili, na mzazi anayemghushia uraia humfungia mmoja kwa mkono wake mwenyewe.

Linalopaswa kuulizwa ni nani anayechuja, na shule hupelekaje majina. Kwa hisabati, mwalimu wa somo awasiliane na Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, ambacho huendesha mashindano ya shule, na afanye hivyo mapema mwanzoni mwa muhula. Mwenye mradi wa utafiti, ambao ni kazi ya miezi na si mtihani wa saa chache, aelekezwe Young Scientists Tanzania. Kwa programu, mashindano ya Codeforces, AtCoder na USACO hufanyika kupitia intaneti, bila ada na bila kuuliza uraia, ingawa hatua ya mwisho ya USACO ni ya wanafunzi wa Marekani pekee. Lugha ya kujifunza ni C++, na maabara ya kompyuta ya shule inatosha kuanzia. Orodha za zamani zinazotaja mashindano ya Google Code Jam ziachwe, kwani yalifungwa mwaka 2023. Maswali ya olimpiadi zote mbili za kimataifa ya miaka iliyopita hupatikana bure, na mwanafunzi aliyefika Novemba anaweza kuyaanza wiki hiyo hiyo.