Taa ya Baiskeli Isimtie Jirani Kiwi

Mwezi huu tuzungumze juu ya taa ya baiskeli. Utasema hayo ni mambo ya vijana. Lakini fedha ya kununulia taa hiyo hutoka kwa nani?

Sisi tuliinunua wenyewe. Kijana wetu hutoka alfajiri, giza lingalipo, kwenda ufukweni Mbegani kuchukua samaki. Njia ile ya mchanga hutumiwa pia na waendao kwa miguu. Kwa kuogopa asigongwe, tulimchagulia taa kali kuliko zote pale dukani. Wiki haikuisha, jirani yetu, mama mtu mzima, alimulikwa usoni akiwa na beseni kichwani. Akakosa njia, akaanguka mtaroni na kuteguka kifundo cha mguu. Tulipokuwa tukimfunga bandeji alisema kwa upole, "Nesi, mtoto hakunigonga. Ni macho tu yaliingia giza." Tuliona haya.

Alisema kweli. Gizani mboni hupanuka, na jicho hujitengenezea taratibu kemikali ya kuonea usiku. Kazi hiyo huchukua nusu saa hivi. Mwanga mkali huimaliza mara moja. Mwenye baiskeli akishapita, aliyemulikwa hubaki akipapasa njia. Mwenye mtoto wa jicho huumia zaidi, kwa kuwa lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga ndani ya jicho.

Dinamo zetu za zamani hazikuwa na ubaya huo. Dinamo ya kawaida ilitoa wati 3 tu, na ukipunguza mwendo taa ilififia. Taa za LED za siku hizi ni kali mno. Huko Ujerumani sheria inataka taa ya mbele ya baiskeli ifungwe isitie wengine kiwi, na ya kumetameta hairuhusiwi.

Jioni ile tuliisimamisha baiskeli hatua tano mbele ya ukuta wa nyumba. Kumbe mwanga ulikuwa unapiga juu ya dirisha! Tukaiinamisha taa mpaka mwanga ukashuka chini ya kimo cha taa yenyewe, tukakaza skrubu, maana kwenye mashimo taa hulegea na kuinuka. Kisha mdogo wake akasimama mbele. Hakukunja uso. Hatukumwambia azime; baiskeli isiyo na taa gizani ni hatari. Apunguze ukali tu akikutana na mtu.

Taa ya kufunga kichwani tumemkataza njiani. Kwetu watu husalimiana, na ukimgeukia mwenzio umsalimu, mwanga wote unamwingia machoni.

Mguu wa jirani umepona, na tumemsindikiza kliniki ya macho. Alfajiri hizi kijana akimkaribia hupiga kengele mapema, hushuka, hufunika taa kwa kiganja. Naye humwitikia, "Pita, mwanangu."