Wanavajo na chuo walichojijengea

Mwaka 1879, ofisa wa jeshi la Marekani, Richard Henry Pratt, alifungua shule ya bweni huko Carlisle, Pennsylvania, kwa ajili ya watoto wa wenyeji asilia. Walinyolewa nywele, wakapewa majina ya Kiingereza na kukatazwa lugha za mama zao. Shule za namna hiyo zikaenea nchini, na kwa vizazi kadhaa elimu ikawa na maana ya kunyang'anywa mtoto. Anayejiuliza kwa nini vijana wa jamii hizo walikuwa wakiacha vyuo vikuu mapema, aanzie hapo.

Mwaka 1968 Wanavajo walifanya jambo ambalo hakuna taifa jingine la wenyeji asilia nchini humo lililokuwa limelifanya: walianzisha chuo chao. Masomo yalianza mwaka uliofuata katika majengo ya kuazima huko Many Farms, Arizona, kisha mwaka 1973 chuo kikahamia Tsaile. Leo kinaitwa Diné College.

Mahali penyewe pana uzito wake. Ardhi ya Wanavajo ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 70,000, kuzidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na nyumba nyingi bado hazina umeme wala maji ya bomba. Kijana mwenye mtoto mchanga, bibi wa kumuuguza na kondoo wa kuchunga akiambiwa ahamie mji wa mbali, mara nyingi husoma muhula mmoja na kurudi. Akili anayo, kinachomkwamisha ni umbali, nauli na upweke.

Huko Tsaile majengo yamepangwa kwa duara, kwa kufuata hogan, nyumba ya asili ya Wanavajo. Lugha na historia yao hufundishwa pamoja na biolojia na hisabati, na mafundi hurithisha ususi wa mazulia ya sufu na ufuaji wa fedha. Mwanafunzi halazimiki kuuacha Unavajo wake getini ili aitwe msomi. Hilo, kuliko jengo lolote, ndilo lililovuta wengine kuiga: leo vyuo vinavyomilikiwa na wenyeji asilia Marekani ni zaidi ya 30.

Fedha ndiyo donda. Sheria ya mwaka 1978 ilifungua njia ya ruzuku ya serikali kuu kwa vyuo hivi, ikihesabiwa kwa kila mwanafunzi wa asili, lakini kwa miaka mingi Bunge limetenga pungufu ya kiwango kilichoidhinishwa na sheria yenyewe. Mwanafunzi asiye wa asili hupokewa na kufundishwa, ila kwenye ruzuku hiyo hahesabiwi.

Katika mkataba wa 1868, Marekani iliwaahidi Wanavajo jengo la shule na mwalimu kwa kila watoto 30. Wanavajo waliisubiri ahadi hiyo miaka 100, kisha wakajijengea chuo wenyewe. Kukigharamia kikamilifu si hisani ya Washington. Ni deni, na wakati wa kulilipa umepita zamani.