Saratani ya Ukoo Hupitia kwa Baba Pia

Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika baadhi ya koo saratani ya matiti inatokana na jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, pamoja na BRCA2, husaidia kukarabati vinasaba vilivyovunjika. Mwanamke akirithi moja yenye hitilafu, hatari yake ya kuugua saratani ya matiti maishani hufika takriban asilimia 70. Na hitilafu hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Anayewahesabu wagonjwa wa upande wa mama tu, akawasahau mashangazi, ameiacha nusu ya ukoo.

Wapo wasemao kupima jeni hizi ni kujitia hofu bure. Hofu ipo kweli, na kipimo hiki si cha kila mtu, kwa kuwa saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Lakini aliyejua mapema ana la kufanya: kuchunguzwa matiti kila mwaka, au kuondolewa ovari na mirija ya uzazi akishamaliza kuzaa. Saratani ya ovari, ambayo hatari yake huongezwa pia na hitilafu hizi, haina uchunguzi wa kuaminika wa kuigundua mapema, kwa hiyo kusubiri dalili ni kuchelewa. Kama mama au shangazi yako aliugua kabla ya miaka 50, mweleze daktari. Na kama yupo hai, aanze kupimwa yeye.