Matangazo ya Nyumbani na Antena ya Mfanyakazi

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, alikaa siku kumi na moja bila picha katika televisheni yake. Kila aliyemwuliza alimpa jibu lile lile: "Mzee, lipia kifurushi." Akalipia. Picha haikuja. Akaambiwa kwamba huenda amelipia kifurushi kidogo mno, naye akalipia kikubwa zaidi, kwa fedha aliyokuwa ameitenga kwa dawa ya macho. Picha haikuja vilevile. Siku ya kumi na mbili kijana mmoja fundi alipanda juu ya bati, akakuta waya wa antena umetafunwa na panya pale unapoingia chini ya paa. Akaukata, akauunganisha upya, na picha ikarudi. Kabla fundi hajateremka ngazi, mzee akamwuliza kutoka chini, "Mwanangu, sasa zile fedha nilizolipa zilikuwa za nini?" Fundi hakuwa na jibu.

Swali la mzee huyo si dogo, nasi twaona linawahusu watu wengi wa hali yake. Katika mitaa yetu imezoeleka kudhani kwamba televisheni ni kitu cha kulipiwa kila mwezi, kama kodi ya chumba, na kwamba asiyelipa hana haki ya kuona hata taarifa ya habari ya nchi yake. Dhana hiyo si ya kweli. Matangazo ya vituo vya kitaifa vyenye leseni ya kutazamwa bila malipo, yale yapitayo hewani kutoka minara iliyojengwa humu humu nchini, hayana ada ya mwezi. Mwenye king'amuzi cha antena ambaye kifurushi chake kimekwisha hufungiwa chaneli za kulipia; hizo za kitaifa hapaswi kufungiwa.

Yafaa tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo bara hapakuwa na kituo hata kimoja. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Katika miaka yote hiyo mtazamaji hakuhitaji kitu ila seti yake na antena. Picha mbaya ilijaa chenga, lakini ilionekana. Watu walitazama mpira ndani ya chenga, na mabao waliyaona. Kisha mwaka 2006 mataifa ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati yalikutana Geneva, yakapatana kwamba mitambo ya analojia iachwe na kufuatwa ya dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho. Tanzania haikungoja siku hiyo. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa, na katika mwaka 2013 ikafuata miji mingine, ikiwamo Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya.

Watu walilalamika, na walikuwa na sababu. Seti iliyofanya kazi vizuri jioni ya siku ile iliamka kipofu asubuhi yake, mpaka mwenyewe anunue king'amuzi. Na kwa kuwa ving'amuzi hivyo viliuzwa na makampuni yale yale yauzayo vifurushi, mnunuzi aliviona vyote kuwa kitu kimoja: king'amuzi ni kifurushi, na kifurushi ndicho televisheni. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kosa lililomgharimu mzee wetu dawa yake.

Hatusemi kwamba badiliko lenyewe lilikuwa baya. Zamani kila kituo kilichukua njia nzima ya masafa peke yake; leo njia ile ile moja huweza kubeba chaneli kumi na zaidi, kwa sababu picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kufungashwa pamoja. Sehemu ya masafa iliyookolewa kwa njia hiyo ikaenda kwenye simu za mkononi. Mwaka 2018 masafa ya megahezi 700 yalinadiwa kwa makampuni ya simu. Basi mwananchi aliyenunua king'amuzi kwa fedha yake alisaidia kuipatia nchi nafasi hiyo hewani. Si haki baada ya hayo aambiwe kwamba hata Bunge la nchi yake ni bidhaa ya mwenye uwezo.

Mwaka huo huo wa 2018 lilitokea jambo ambalo wengi hawakulielewa. Mamlaka ya Mawasiliano iliwaamuru wenye ving'amuzi vya dishi waliokuwa na leseni ya matangazo ya kulipia waondoe chaneli za kitaifa za bure, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Malalamiko yalikuwa kwamba mteja asipolipa kifurushi alifungiwa na chaneli hizo pia, kana kwamba nazo ni mali ya duka. Nyumba nyingi zikajikuta zina dishi kubwa ukutani na chaneli za ng'ambo tele, lakini hazioni kituo cha mji wao. Wenye antena ya kawaida hawakupotewa na kitu.

Na jirani zetu wa Kenya walipata funzo la namna yao. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analojia ilipozimwa katika eneo la Nairobi, makampuni makubwa matatu ya habari, yaliyotaka muda na mitambo yao wenyewe ya dijitali, yalitoweka hewani kwa muda wa kama majuma matatu. Watu walikuwa na seti, walikuwa na umeme, na wengine walikuwa na ving'amuzi, ila chaneli walizozizoea hazikuwapo. Walio wengi hawakupata kujua ugomvi ulikuwa wa nini. Kumbe mgogoro wenyewe ulihusu ni nani atakayeshika mnara.

Tuache hayo ya wakubwa, tupande juu ya paa, maana huko ndiko fedha nyingi ya mfanyakazi inakopotea.

Tofauti kubwa ya dijitali na analojia ni hii: dijitali haina chenga. Mawimbi yakiwa na nguvu ya kutosha, picha huja safi kabisa. Yakipungua kidogo tu chini ya kiasi, picha hukatika vipande vipande, kisha hutoweka na seti hubaki nyeusi. Hakuna katikati. Ndiyo sababu mtu ambaye waya wake umelegea hudhani amekatiwa huduma. Zamani chenga zilimwambia kwamba antena ina kasoro. Leo haoni dalili yoyote, na mtu wa kwanza kumshauri ni yule anayeuza vifurushi.

Antena yenyewe ni kitu cha kawaida sana. Matangazo ya minara yetu husafiri katika masafa ya kama megahezi 470 mpaka 700, na urefu wa wimbi lake ni kati ya sentimeta 43 na 64. Fito za antena hukatwa kwa karibu nusu ya urefu huo, na ndiyo maana ni fupi, kama rula ya mwanafunzi. Antena haijui tofauti ya dijitali na analojia, wala ya picha ya kawaida na picha ang'avu. Hudaka mawimbi na kuyapitisha katika waya, basi. Mwenye duka anayekuuzia "antena ya dijitali" kwa bei maradufu anakuuzia maandishi ya kwenye boksi. Ile ya zamani iliyokuwa ikidaka masafa hayo hayo, ikiwa haijaliwa na kutu, yatosha.

Jambo lenye thamani ni mahali pa kuiweka. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati, na bati huyazuia mawimbi. Antena ya ndani iliyowekwa juu ya kabati, chini ya bati, katikati ya kuta za tofali, inafanya kazi ya kipofu, isipokuwa mnara uwe karibu sana. Itoe nje. Iinue juu ya paa kwa mlingoti, uielekeze uliko mnara, na utazame antena za jirani wenye picha nzuri zimelala au zimesimama, kisha ulaze au usimamishe yako vivyo hivyo. Aliyejenga nyuma ya kilima ana taabu zaidi, kwa kuwa mawimbi haya hupenda kwenda moja kwa moja. Watu wa mabondeni kule Uluguru na Usambara walijua hayo kabla fundi yeyote hajawaambia. Waya uwe mzima, usiwe na viungo vingi, na kila kiungo kilicho nje kifungwe kisiingie maji. Wapenda busta nao wajue kwamba busta hukuza kila kitu, mawimbi pamoja na uchafu wake. Ikiwekwa juu karibu na antena husaidia, ikiwekwa nyuma ya seti baada ya waya mrefu mbovu hukuza ubovu. Mlingoti usisimamishwe karibu na nyaya za umeme hata kidogo, tena uunganishwe na ardhi kwa ajili ya radi.

Seti nyingi za siku hizi zina kipokezi cha dijitali ndani yake. Kabla hujanunua king'amuzi kingine, chomeka waya wa antena moja kwa moja nyuma ya seti, uiamuru itafute chaneli. Si kila mnara unaopeleka matangazo yasiyofungwa, lakini kujaribu hakugharimu hata senti moja. Na chaneli ikipotea ghafla, tafuta upya kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa huenda imehamishwa masafa.

Sasa yako hayo ya ung'avu wa juu, yale waitayo HD, ambayo yamewatoa vijana wetu fedha nyingi. Picha ya kawaida ya dijitali ina nukta 720 kwa 576. Picha kamili ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani mara tano kamili. Ni picha nzuri, hapana ubishi. Lakini seti iliyoandikwa HD haiwezi kuzua nukta ambazo kituo hakikuzipeleka. Kituo kikirusha picha ya kawaida, seti yako ya bei kubwa huivuta tu ienee kioo kizima. Tena picha ya HD hula nafasi kubwa katika njia ya masafa, hivyo mwenye mnara huchagua: ama chaneli chache ang'avu, ama nyingi za kawaida. Maoni yetu ni kwamba wilaya ya mbali ipate kwanza picha ya kawaida isiyokatika, ndipo mji upate ya kung'aa. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya kusini, mtu wa Mafia au wa Kilwa alihitaji kusikia onyo mapema. Idadi ya nukta ilikuwa mwisho wa haja zake. Na wakati wa mvua kubwa ndipo dishi nyingi zinaposhindwa kushika setilaiti, hali mawimbi ya mnara huipita mvua bila taabu kubwa.

Kwa wale waishio katika nyumba za kupanga, vyumba sita au nane vikizunguka ua mmoja, kuna njia ambayo hatuioni ikitumika vya kutosha. Badala ya kila chumba kuwa na antena yake mbovu dirishani, wapangaji wanunue moja nzuri, waisimamishe juu ya mlingoti mrefu, na kugawa waya kwa kila chumba. Kila mgawanyo wa mbili hupunguza nguvu kwa nusu, kwa hiyo vyumba vikiwa vingi busta ya kweli yatahitajika pale juu. Hivyo ndivyo kebo ilivyo kwa asili yake. Wenye mitambo ya kebo katika miji yetu kadhaa hufanya jambo hilo hilo kwa mtaa mzima, nao hutoza, na kutoza kwa waya na kazi yao ni haki. Ila mteja ana haki ya kuuliza ni kiasi gani analipia waya, na ni kiasi gani analipia chaneli ambazo hewani ni bure.

Twapenda kuona jambo moja likitendeka bila kukawia. Kila boksi la king'amuzi cha antena liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, majina ya chaneli ambazo mnunuzi ataziona hata asipolipa tena. Na wauzaji wa mitaani, ambao wengi ni vijana waaminifu wasiofundishwa, waelezwe hivyo na makampuni yao. Mteja anayepiga simu kulalamika aulizwe kwanza habari ya waya wake, kisha ndipo aulizwe habari ya mfuko wake.

Mzee wa bandarini hakurudishiwa fedha zake. Alikwenda dukani, akaambiwa kwamba kifurushi kilikuwa kikiendelea kuhesabu siku zote zile, picha iwepo isiwepo. Tangu hapo hajalipia tena. Fundi alimfungia mlingoti wa bomba upande wa msala, waya ukapitishwa ndani ya mpira mgumu usiotafunika, na saa mbili usiku majirani huleta viti vyao uani kusikiliza habari. Mkewe alisikitika kidogo kwa zile tamthilia zake za Kifilipino.