Michezo Imepotea Kwenye Kompyuta: Uliza Kabla Hujagombeza

Yako mambo ya nyumbani ambayo mama zetu hawakuweza kutufundisha kwa sababu hayakuwapo. Mtoto anakujia jikoni uso umemshuka, anasema michezo yake yote ya kompyuta imepotea. Jana usiku ilikuwapo, leo haipo. Kabla hujageuza chapati, mshukiwa ameshapatikana: mdogo wake aliyeketi hapo mchana, au dada wa kazi aliyefuta vumbi, au binamu aliyekuja kulala Jumamosi. Ugomvi unaanza juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe hukukiona, wala hujui kilikuwa kimewekwa wapi.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani suala hili limeletwa zaidi ya mara moja. Katika nyumba moja dada wa kazi alikuwa ameshafunga virago vyake, kwa kuwa mtoto alisema ni yeye "aliyebonyeza kitu". Kijana mmoja wa kwaya alipofika na kuitazama ile kompyuta, alikuta herufi mbili zimeandikwa katika kisanduku cha kutafutia, basi. Alizifuta, na michezo yote ikarudi mbele ya macho yao. Herufi mbili zilikuwa karibu kumnyima binti wa watu kazi yake.

Kwa hiyo yafaa mama ajue machache juu ya jambo hili, hata kama yeye mwenyewe hachezi wala hapendi michezo hiyo. Nitazungumzia zaidi duka la Steam, ambalo vijana wengi wenye kompyuta hulitumia. Maduka mengine yana taratibu zake, lakini mengi ya haya yanafanana.

Michezo hukaa wapi?

Zamani mchezo wa kompyuta ulinunuliwa ukiwa ndani ya diski, na diski ilikaa kabatini. Ikipotea, unainua magodoro. Steam ilianzishwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwezi wa Septemba 2003, na humo mtu hununua mchezo kwa mtandao bila kushika kitu mkononi. Hufungua akaunti yenye jina lake na neno la siri, na kila anachonunua huandikwa katika orodha ya akaunti hiyo, inayoitwa maktaba. (Kanuni za duka hilo haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kuwa na akaunti, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui.)

Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Simu yako ikitumbukia kisimani, fedha zako za M-Pesa hazizami nayo, kwa sababu zimeandikwa kwenye namba yako na si kwenye simu. Mchezo nao ni hivyo hivyo. Haki ya kuucheza imeandikwa kwenye akaunti. Kilichomo ndani ya kompyuta ni mafaili tu yaliyopakuliwa, nayo yanaweza kufutwa leo na kupakuliwa tena kesho bila kulipa mara ya pili. Basi mtoto akisema "umepotea", huenda yamepotea mafaili, huenda imepotea haki, na mara nyingi hakijapotea chochote.

Yote, au baadhi?

Sisi wauguzi tumefundishwa kumwuliza mgonjwa kabla ya kumgusa, maana nusu ya ugonjwa hujulikana kwa maswali. Keti na mwanao mbele ya kompyuta, umwulize kwa sauti ya kawaida: imepotea yote, au baadhi? Nani aliitumia mwisho? Je, fundi ameishika? Je, kuna mtu yeyote aliyekuandikia ujumbe juu ya akaunti yako?

Ikiwa imepotea yote, tazama kwanza jina lililoandikwa juu, upande wa kulia. Watoto wa siku hizi hufungua akaunti mbili au tatu, moja wakiwa na miaka kumi na tatu na nyingine walipoisahau ile ya kwanza, na programu huenda imeingia kwa jina lisilo lenyewe. Kama binamu aliingia kwa akaunti yake akaondoka bila kutoka, mnachotazama ni maktaba ya binamu. Mtoto atoke, aingie kwa jina lake, na kazi imekwisha. Kama hakumbuki jina, mfungulie barua pepe zake za zamani. Risiti za manunuzi zinazotumwa na duka hukaa humo, na ndizo zitakazoonyesha ni anwani ipi iliyotumika.

Jina likiwa sahihi, tazama kile kisanduku cha kutafutia kilichoko upande wa kushoto juu ya orodha, na vialama vidogo vilivyo karibu nacho. Kimojawapo kikibonyezwa, maktaba huonyesha tu michezo iliyo tayari kuchezwa wakati ule, na mingine yote hujificha. Ipo pia njia ya kuficha mchezo mmoja mmoja kwa makusudi. Kuiona iliyofichwa, bonyeza neno View lililoko juu, kisha Hidden Games. Usishtuke ukikuta mchezo ambao hukujua kwamba mwanao anao. Mama, hapo ndipo hekima inapohitajika, na ningekushauri mazungumzo hayo uyaweke ya siku nyingine, mkiwa wawili tu.

Sababu nyingine inachekesha kidogo. Wazazi wanaweza kuweka vizuizi katika akaunti ya mtoto, wakachagua michezo anayoruhusiwa na saa za kuicheza. Baba anaweka vizuizi Jumapili usiku kwa sababu ya ripoti ya shule, asubuhi anaondoka safari, hamwambii mtu. Mama anabaki na kilio cha siku tatu. Mpigie mwenzako simu kabla hujamwita fundi.

Yule mwanamke wa Luka 15 aliyepotelewa na shilingi moja hakuanza na majirani. Aliwasha taa, akafagia nyumba. Majirani aliwaita baadaye, ili wafurahi pamoja naye.

Fundi akishapita

Sehemu hii inahusu fedha zako, kwa hiyo isome polepole. Kompyuta ikiugua, mafundi wetu wengi hupiga Windows upya. Baada ya hapo Steam huwekwa tena, mtoto anaingia kwa jina lake, na anakuta majina ya michezo yapo lakini yamefifia: haijapakuliwa. Mtoto hubonyeza kupakua mara moja. Mchezo mmoja mkubwa wa leo unaweza kuzidi gigabaiti 100. Kwa bando zetu, hiyo ni fedha ya kweli ya nyumba.

Mzuie kwanza. Mara nyingi fundi amefuta sehemu moja tu ya diski, na folda ya michezo ingali ipo katika sehemu nyingine, au katika diski ya nje inayochomekwa kwa waya. Diski hiyo ikiwa haijachomekwa, Steam hudhani mchezo haumo. Ichomeke, ufungue mipangilio ya Steam, uende mahali pa hifadhi palipoandikwa Storage, uionyeshe diski ile yenye folda ya zamani. Ikiwa mafaili yapo, itayatambua, itayakagua, na itapakua yale tu yaliyopungua.

Kuna hasara moja ambayo sisi watu wazima huidharau. Mchezo unaweza kurudi lakini hatua alizofikia mtoto zisirudi. Michezo mingi huhifadhi hatua hizo kwenye mtandao, lakini si yote. Kijana aliyejenga mji wake wa kompyuta kwa miezi minane akaupoteza, analia kwa sababu kazi ya mikono yake imekwenda. Usimwambie ni mchezo tu. Kabla ya kumpa fundi kompyuta, mwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba folda za michezo na za hatua zake zinakiliwe kwanza pamoja na picha za familia.

Kwa wale wenye kompyuta za mtumba, jueni pia kwamba tangu Januari 1, 2024 Steam haitoi tena msaada kwa Windows 7 na Windows 8. Katika mashine kama hizo programu inaweza kukataa kufanya kazi, nayo maktaba ikaonekana kana kwamba imekufa. Akaunti ni nzima. Mashine ndiyo iliyopitwa.

Kaka akihama na michezo yake

Mwezi wa Septemba 2024 Steam ilifungua rasmi utaratibu wa familia. Watu wa nyumba moja, wasiozidi sita, hujiunga pamoja, na kila mmoja huweza kucheza michezo ya wenzake. Ni utaratibu mzuri na unaokoa fedha. Lakini michezo hubaki mali ya aliyenunua. Kaka mkubwa akiingia chuo kikuu na kujitoa katika familia hiyo, michezo yake yote hutoweka katika maktaba ya wadogo zake siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeiba, ameondoka nayo tu kama anavyoondoka na blanketi lake.

Waelezeni vijana kabla hawajabonyeza, maana kurudi si rahisi. Mtu mzima aliyejitoa hana budi kusubiri mpaka utimie mwaka mmoja tangu alipojiunga na familia ya kwanza ndipo aingie nyingine, na nafasi aliyoiacha nayo ina kipindi chake cha mwaka kabla ya kujazwa. Aidha, michezo mingine haikubali kuazimwa kabisa. Na mdogo mtu akifanya udanganyifu katika mchezo wa kaka yake akafungiwa, kaka naye hufungiwa katika mchezo huo. Hilo mwambieni mdogo mapema.

Wakati umepotea kweli

Yako mazingira ambayo mchezo umeondoka kwa haki. Kama mtoto aliomba arudishiwe fedha, mchezo hutolewa. Steam hukubali ombi hilo ndani ya siku 14 tangu kununua, ikiwa haujachezwa kwa saa 2. Mchezo uliotolewa bure kwa mwisho wa juma huondoka Jumatatu. Ile inayopatikana kwa ada ya kila mwezi, kama katika Game Pass ya Microsoft, huja na kuondoka. Aliyelipa ada alikuwa amepanga, hakununua.

Hata aliyenunua hajanunua kama unavyonunua sufuria. Amepewa leseni. Mchezo wa magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft, ulitoka mwaka 2014. Kwa kuwa haukuweza kuchezwa bila mitambo ya kampuni, mitambo ilipozimwa Machi 31, 2024 ukawa hauchezeki tena, na wateja wakanyang'anywa na leseni zenyewe. Watu walikasirika, nami nadhani walikuwa na haki. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza mwaka 2025, kwamba maduka ya namna hiyo yaseme wazi kuwa yanauza leseni. Hata hivyo, usichanganye: mchezo ukiondolewa dukani ili usiuzwe tena, kwa kawaida walioununua hubaki nao katika maktaba.

Halafu kuna "michezo ya bei poa". Namba za kufungulia mchezo zinazouzwa vichochoroni mtandaoni huenda zilinunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa, na zikigunduliwa hufutwa, mchezo ukaondoka. Laptopu nayo huuzwa ikiwa "imejazwa michezo", na michezo hiyo ni ya kuvunjwa kufuli. Siku programu ya kuzuia virusi inapoamka huifagia yote. Hapo, mama, sina dawa. Kilichoondoka hakikuwa cha mtoto, na ni vizuri aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta.

Mwizi akiingia

Nimeliacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo linaloumiza, na ndilo watoto hulificha. Rafiki anamwandikia mtoto: tafadhali ipigie kura timu yangu. Au mtu asiyemjua anasema amemshtaki kimakosa na akaunti itafungwa asipozungumza na "mfanyakazi wa Steam". Mtoto anafungua ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kweli, anaandika neno lake la siri, na kesho yake hawezi kuingia. Rafiki aliyemwandikia alikuwa ameibiwa siku iliyotangulia.

Mtoto huona haya. Anaweza kukaa wiki nzima akijibizana na mwizi anayemwahidi kumrudishia akaunti kwa malipo. Nimeona watoto wakikosa usingizi na chakula kwa siri ndogo kuliko hiyo. Ndiyo sababu nasisitiza sauti ya swali lako la kwanza. Ukianza na kiboko, utaambiwa "sijui".

Akikwambia, msilipe mtu. Tumieni kompyuta au simu nyingine iliyo salama. Badilisheni kwanza neno la siri la barua pepe, kwa kuwa mwizi mwenye barua pepe huweza kufungua vyote. Kisha mwende kwenye ukurasa rasmi wa msaada wa Steam, mkiandika anwani kwa mkono, si kwa kubonyeza kiungo mlichotumiwa, na mseme akaunti imeibwa. Mtatakiwa kuthibitisha kwamba ni yenu: kadi iliyotumika kulipa, au namba ya kadi ya zawadi iliyowekwa zamani, pamoja na barua pepe ya mwanzo. Wafanyakazi wa kweli wa duka hilo hawaulizi neno la siri, wala hawamfuati mteja kwenye mazungumzo ya mtandaoni.

Akaunti ikirudi, washeni ulinzi wa Steam Guard katika simu, ili kila anayeingia aombwe uthibitisho wa pili. Zile namba za dharura zitakazotolewa ziandikeni kwenye karatasi, mwiweke pale mnapoweka vyeti vya kuzaliwa, pamoja na risiti za michezo iliyonunuliwa kwa kadi yako. Na kadi yenyewe uiondoe kwenye akaunti. Mtoto akitaka kununua tena, aje aombe.